Uzi Usiobanwa

Baba mdogo alikuwa na vidole viwili tu vinavyokunjika kwenye mkono wake wa kushoto, cha shahada na cha kati. Vile vingine viwili viliumizwa na mashine ya kukoboa mahindi alipokuwa kijana, vikapona vikiwa vimekakamaa. Hata hivyo ni yeye aliyekuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu, na sikuwahi kumsikia mtu akisema kwamba gitaa lake limepwaya. Jumamosi jioni, tulipofanya mazoezi bila spika wala umeme, gitaa lake kavu lilijaza chumba hadi ukadhani wapigaji wako wawili.

Sisi vijana wenye vidole vyote ndio tuliokuwa tukihangaika. Kila anayejifunza gitaa anaijua adha ya kodi ya F. Kodi ni nota tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, na hii ya F inakutaka ukilaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, vingine vitatu uvipange mbele yake, ukaze mpaka mkono utetemeke. Ukipiga, nyuzi mbili zinalia na nne zinatoa sauti ya kopo.

Baba mdogo hakuipita njia hiyo kabisa. Aliweka vidole vyake viwili kwenye nyuzi mbili za katikati, akawa anavisogeza juu na chini ya shingo ya gitaa bila kubadilisha umbo lake. Nyuzi mbili nyembamba kabisa, pamoja na ule mnene kuliko zote, aliziacha wazi wimbo mzima. Nota za katikati zilibadilika, na zile za pembeni zikabaki palepale, zikivuma.

“Baba, mbona hubani nyuzi zote?” nilimuuliza siku moja.

“Mwanangu, uzi usiobanwa nao unafanya kazi,” akasema. “Uache uvume.”

Nyuki huvuma, upepo huvuma, bahari huvuma, na pwani kuna ngoma iitwayo vumi. Kwa hiyo ile sauti inayobaki palepale wakati nyingine zote zinahama nitaiita mvumo. Baba mdogo alijifunza kuutumia kwa sababu mkono wake haukumwachia njia nyingine. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba neno lake fupi lina nyuma yake takriban miaka 400 ya utafiti, na kwamba watafiti hao waliishia palepale alipoishia yeye.

Mama na watoto wake

Tuanze na uzi mmoja, ule wa tano, wa A. Ukiupiga ukiwa wazi, unatetemeka mara 110 kwa sekunde. Sikio linasikia nota moja, nasi tunaiandika kwa herufi moja. Lakini uzi huo unafanya mambo mengi kwa mpigo mmoja. Unatetemeka wote, kutoka kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja, urefu wa sentimita kama 65. Papo hapo nusu zake mbili zinatetemeka kila moja kivyake, mara 220. Theluthi zake zinatetemeka mara 330, robo zake mara 440, na kuendelea hivyo hadi sauti zinapokuwa nyembamba na hafifu mno kusikika. Ile ya kwanza, ya uzi mzima, nitaiita sauti mama. Zinazofuata ni watoto wake, na wote wanaishi ndani ya uzi mmoja. Nitawahesabu kwa kumweka mama kuwa wa kwanza: sauti ya nusu ni mtoto wa pili, ya theluthi ni wa tatu, na kuendelea.

Watoto hao unaweza kuwaita mmoja mmoja. Gusa uzi kwa wepesi kabisa juu ya freti ya 12, yaani chuma cha 12 kinachokatiza shingo ya gitaa, bila kuubana, upige, kisha uondoe kidole. Utasikia sauti ya juu, safi kama kengele: hiyo ni sauti ya nusu. Ukifanya hivyo juu ya freti ya 7, itajitokeza sauti ya theluthi, na juu ya freti ya 5, sauti ya robo. Kidole chako hakijatengeneza chochote kipya. Kimemnyamazisha mama tu, watoto wakasikika.

Mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, ndiye aliyeziandika vizuri kanuni za uzi katika kitabu chake Harmonie universelle cha mwaka 1636. Uzi ukifupishwa nusu, mitetemo yake huongezeka maradufu, ukikazwa, huongezeka, ukiwa mzito, hupungua. Kila freti kwenye gitaa lako inaitii kanuni hiyo. Lakini Mersenne aliandika pia jambo lililomsumbua: alipotega sikio vizuri, uzi mmoja ulimpa, zaidi ya sauti yake ya kawaida, sauti nyingine zisizopungua nne. Hakuweza kueleza jinsi kitu kimoja kinavyoweza kwenda mara 110 na mara 220 na mara 330 kwa wakati uleule.

Miaka 40 hivi baadaye, wasomi wawili wa Oxford, William Noble na Thomas Pigot, waliuona ushahidi kwa macho, na mwaka 1677 John Wallis akautangaza. Jaribio lao unaweza kulifanya leo nyumbani. Kata vipande viwili vidogo vya karatasi nyepesi, uvikunje kama paa la nyumba, uvipandishe juu ya uzi wa sita, ule mnene. Kimoja kikae juu ya freti ya 12, yaani katikati ya uzi. Kingine juu ya freti ya 5, yaani robo yake. Sasa bana uzi wa nne kwenye freti ya 2, upate E ya katikati, uupige kwa nguvu. Gitaa likiwa limetyuniwa sawasawa, uzi wa sita ambao hukuugusa utaanza kutetemeka kwa nusu zake. Karatasi ya kwenye robo itatikisika na kuanguka, na ile ya katikati itatulia, kwa kuwa imekaa mahali ambapo nusu hizo mbili zinakutana na uzi hausogei.

Mwaka 1701, Mfaransa Joseph Sauveur alilifanyia kazi jambo hilo kwa kina, akazipa sauti hizo jina la sauti za harmonia, na mahali palipotulia akapaita mafundo. Sauveur alikua akiwa na shida ya kusema na ya kusikia. Ilimlazimu kuwaomba wanamuziki wamsikilizie, wakati yeye akipima na kuhesabu. Namkumbuka kila ninapomfikiria baba mdogo. Mmoja alipungukiwa na masikio, mwingine na vidole, na wote wawili waliukaribia uzi kwa uangalifu ambao sisi wazima hatukuwa nao.

Mahali sauti zinapokutana

Fumbo la Mersenne lilipata jibu kamili mwaka 1822, katika kitabu ambacho hakikuhusu muziki. Mfaransa Joseph Fourier, akichunguza jinsi joto linavyosambaa katika vitu, alionyesha kwamba wimbi lolote linalojirudia, hata liwe na umbo gumu kiasi gani, ni jumla ya mawimbi mepesi yaliyorundikana. Uzi hauhitaji kuchagua kwenda mara 110 au mara 220, kwa sababu mwendo wake ni hesabu ya yote pamoja.

Lakini sikio nalo linaipokeaje jumla hiyo? Swali hilo lilimshika Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyesomea udaktari. Alitengeneza vibuyu vya kioo na vya shaba vya ukubwa mbalimbali, kila kimoja kikiwa na kitundu cha kuingiza sikioni. Kila kibuyu kiliitikia sauti moja tu. Akikitega kwenye sauti ya uzi, aliweza kumchambua mtoto mmoja akawaacha wengine. Mwaka 1863 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu hisia za sauti, na ndani yake akaeleza kwa nini sauti mbili zinapatana au kugombana.

Tyuni nyuzi mbili ziwe karibu sawa, mmoja uende mara 110 na mwingine mara 112. Hutasikia nota mbili. Utasikia nota moja inayojaa na kupwa kama maji ya bahari, mara mbili kila sekunde, yaani tofauti ya namba hizo. Kila mpiga gitaa anayetyuni kwa sikio anausikiliza mjao huo: anakaza uzi mpaka kujaa na kupwa kunapungua, kunakuwa kwa taratibu, kisha kunatoweka. Tofauti ikikua, mjao unakuwa wa haraka, na ikifika mara 30 hadi 40 kwa sekunde Helmholtz aliona sikio linashindwa kuhesabu, linabaki kuhisi mkwaruzo. Ikizidi sana hapo, mkwaruzo unaisha na unasikia nota mbili zilizoachana.

Sababu iko ndani kabisa ya sikio, kwenye mfereji uliojiviringisha kama konokono. Ndani yake kuna utando wenye urefu wa milimita kama 35, na kila sehemu ya utando huo ina sauti yake: nyembamba karibu na mlango, nene mwishoni. Georg von Békésy, Mhungaria, alionyesha jinsi mawimbi yanavyosafiri juu ya utando huo na kufika kilele mahali tofauti kwa kila sauti, na mwaka 1961 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1965, Waholanzi Reinier Plomp na Willem Levelt wakaonyesha kwamba mkwaruzo hutokea sauti mbili zinapodai sehemu ileile ya utando bila kuwa sawa. Zikiwa sawa kabisa, zinaketi pamoja. Zikiachana vya kutosha, kila moja ina nafasi yake. Zikisogeleana mno, zinasukumana.

Hesabu ya vidole viwili

Sasa turudi kwenye mkono wa baba mdogo. Alibana uzi wa nne kwa kidole cha kati, na wa tatu kwa cha shahada, freti moja nyuma yake. Wazi aliacha uzi wa kwanza, ambao ni E nyembamba. Wa pili, ambao ni B. Na wa sita, ambao ni E nene. Uzi wa tano hakuupiga.

Mahali pa kwanza ni freti ya 2 na ya 1. Hiyo ni kodi ya E, na ndiyo nyumbani. Uzi wa sita unatetemeka mara 82.4. Mtoto wake wa tatu anakwenda mara 247.2, na uzi wa pili ukiwa wazi unakwenda mara 246.9. Mtoto wake wa nne anakwenda mara 329.6, na uzi wa kwanza ukiwa wazi unakwenda mara 329.6. Yaani nyuzi zile mbili nyembamba hazileti wageni. Ni watoto waliokuwa tayari ndani ya uzi mnene, sasa wamepewa sauti ya kutosha kusikika. Ile tofauti ndogo ya 0.3 inafanya sauti ijae na kupwa mara moja kila sekunde tatu hivi. Huo ndio uhai unaousikia kodi ikiachwa ilie yenyewe: haijaganda, inapumua.

Mahali pa pili ni freti ya 7 na ya 6. Vidole sasa vinatoa A inayokwenda mara 220, na C yenye alama ya kupandisha, inayokwenda mara 277.2. Ile B iliyoachwa wazi, ya 246.9, imejikuta katikati yao: inaipita A kwa 27, na inapungukiwa na nota ya juu kwa 30. Kwa kipimo cha Helmholtz huo ni mkwaruzo mtupu. Lakini sikia na upande wa pili: mtoto wa tatu wa A anakwenda mara 660, na mtoto wa pili wa ile E nyembamba anakwenda mara 659.3. Wamekutana karibu kabisa. Kodi imekuwa na mapatano mapana, na ndani yake mkwaruzo mmoja mdogo, kama ndimu kwenye mchuzi. Ukiinywa ndimu yenyewe unakunja uso. Ikiwa ndani ya mchuzi, unaomba bakuli la pili.

Mahali pa tatu ni freti ya 9 na ya 8. Uzi wa nne unatoa B, ileile inayotoka kwenye uzi wa pili ulio wazi. Nyuzi mbili za unene tofauti zinaimba nota moja, kama waimbaji wawili wa sauti ya pili waliosimama bega kwa bega, na hapo ndipo tulipodhani magitaa ni mawili. Lakini uzi wa tatu unatoa nota ya 311.1, na ile E nyembamba iliyo juu yake inakwenda mara 329.6. Zimeachana kwa 18.5 tu. Zinasukumana, na sikio linaanza kudai kurudi nyumbani. Vidole vinateleza kurudi freti ya 2 na ya 1, ugomvi unaisha, na kwaya inatua kwenye “amina”.

Nimehesabu namba hizi mara nyingi, na kila mara zinanishangaza kwa jambo moja. E na B hazikusogea hata kidogo. Katika mahali pale patatu zilikuwa mara watoto, mara ndimu, mara ugomvi unaotaka suluhu. Maana yake ilibadilika kwa sababu majirani walihama. Na safari ya majirani tuliisikia kwa uwazi ule kwa sababu kulikuwa na kitu kilichobaki palepale cha kuipimia.

Kuitikia bila kuitwa

Kuna jambo jingine ambalo uzi ulio wazi hulifanya hata kama hukuupiga. Piga uzi wa sita kwa nguvu, kisha uzime huo peke yake kwa ubavu wa kiganja. Gitaa halitanyamaza. Uzi wa kwanza na ule wa pili zitaendelea kuimba kwa sauti ya chini, kwa sababu ubao wa mbele wa gitaa ulizipelekea mitetemo inayolingana na yao, nazo zikaitikia. Ukizibana nyuzi zote kwa kodi kama ile ya F, umewafunga waitikiaji wote. Kidole, kwa kuwa ni nyama laini, kinainyonya mitetemo. Uzi ulio wazi unaegemea mfupa mgumu wa kichwani mwa shingo, kwa hiyo unalia kwa muda mrefu zaidi na kwa sauti angavu.

Mafundi wa ala za muziki waliijua siri hii bila vitabu vya Paris na Oxford, na wengine wako kwetu. Kwenye ilimba kubwa za Wagogo wa Dodoma kuna vijiti vya chuma ambavyo mpigaji havigusi. Vimepangwa ili viitikie vile anavyovipiga kwa vidole gumba. Aliyeusambaza muziki huo duniani zaidi ya wengine ni Hukwe Zawose, aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, alieleza kwamba mpangilio wa nota za Wagogo unafuata ule mfululizo wa asili, sauti ya nne ya uzi na zinazoifuata. Yaani alichokipima Sauveur kwa karatasi na kalamu, Wagogo walikifanya kuwa msingi wa kuimba kwao. Na lile zeze la kijiti na kibuyu, kama ndugu yake wa Madagaska aitwaye jejy voatavo, lina uzi unaobanwa kwenye vizingiti vichache, na pembeni yake uzi usiobanwa kamwe. Fundi wa zeze asingeshangaa kumwona baba mdogo.

India nako mvumo una ala yake kamili, tambura, ambayo kazi yake yote ni kuvuma nyuma ya mwimbaji. Mwaka 1921, mwanafizikia C. V. Raman, ambaye miaka tisa baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa mwanga, aliandika kuhusu daraja la tambura. Daraja hilo ni pana na limepinda kidogo, na chini ya kila uzi huwekwa kipande cha uzi mwembamba. Raman alionyesha kwamba daraja la namna hiyo linawafanya wasikike hata wale watoto ambao, kwa kanuni iliyokubalika wakati huo, hawakupaswa kusikika kutokana na mahali uzi unapopigwa.

Kwa mkono wako

Ukitaka kuanza leo, na vidole vyako vyote ni vizima, kuna njia nyepesi kuliko ya baba mdogo. Weka kidole cha pete kwenye freti ya 3 ya uzi wa pili, na kidole cha mwisho kwenye freti ya 3 ya uzi wa kwanza. Hapo umepata D na G. Usivitoe hapo. Sasa kidole cha kati kiende freti ya 3 ya uzi wa sita, na cha shahada freti ya 2 ya uzi wa tano: hiyo ni G. Vishushe vyote viwili kuelekea uzi mwembamba unaofuata, cha kati freti ya 3 ya uzi wa tano, cha shahada freti ya 2 ya uzi wa nne, na uzi wa sita usiupige: hiyo ni C iliyoongezewa D. Rudisha cha shahada freti ya 2 ya uzi wa tano, cha kati kiweke freti ya 2 ya uzi wa nne: hiyo ni E ndogo iliyoongezewa nota. Kodi tatu, na nusu ya mkono haikuhama. Ukizipiga taratibu utasikia D na G zikishona wimbo mzima kwa uzi mmoja.

Mvumo hata hivyo hauko salama kila mahali. Mambo mawili yatakuongoza. La kwanza, jihadhari na nota zinazoachana kwa freti moja tu. E nyembamba iliyo wazi na F inayoifuata zimeachana kwa mitetemo 20, na zikikaa sana pamoja zinachosha. Ziache zikutane kwa kupita tu, au uweke oktava nzima, yaani umbali wa freti 12, kati yao, ili kila moja ipate sehemu yake kwenye ule utando wa sikio. La pili, chini kunahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko juu. Nota nene zikisogeleana zinatoa sauti ya tope, hata kama ni zilezile ambazo juu zinapatana vizuri. Kwa hiyo mvumo wa chini uwe mmoja, na uwe ule wa nyumbani, kama E nene ya baba mdogo. Viungo viwekwe juu.

Baada ya hapo, mwalimu ni sikio lako. Telezesha umbo lolote la kodi unayoijua, freti baada ya freti, ukiacha nyuzi mbili nyembamba wazi, na usikilize. Palipo pabaya utapajua mara moja. Palipo pazuri patakufanya usimame.

Sauti isiyokuwepo

Limebaki jambo moja, ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Simu za mezani hupitisha sauti kuanzia mitetemo kama 300 kwa sekunde. Sauti mama ya mwanamume anayezungumza iko karibu na 120, kwa hiyo haipiti kabisa. Lakini baba yako akikupigia, unasikia sauti nzito ya baba yako. Katika miaka ya 1840, Mjerumani August Seebeck aligundua kwamba watoto wakifika masikioni kwa mpangilio wao wa kawaida, tunamsikia na mama hata kama hakuja. Ubongo unawasikia wa tatu, wa nne na wa tano, unajua wametoka nyumba gani, na unamrudisha mama mahali pake.

Kwenye simu yangu kuna wimbo mmoja nilioyarekodi mazoezi yake Jumamosi jioni, mwaka wa mwisho ambao baba mdogo alipiga gitaa. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa mitetemo 82 kwa sekunde. Uzi wake wa sita, ule mnene alioupiga kwa gumba, haumo katika sauti inayotoka. Lakini B na E zimo. Zenyewe ni mtoto wa tatu na wa nne wa uzi ule, na kwa kuwa alikataa kuzibana, zilivuma wimbo mzima bila kukatika.

Nikiufungua wimbo huo usiku, nyumba ikiwa imetulia, nasikia vidole viwili vikiteleza juu ya shingo ya gitaa, freti ya 2, freti ya 7, freti ya 9, na kurudi. Na chini ya hapo, mahali ambapo simu haitoi chochote, nausikia uzi mnene unavuma.